Siku moja maishani mwangu: kufundisha Wachina Kiingereza kutoka Nairobi

Saa nane usiku ya Nairobi ni saa moja asubuhi China, na mwanafunzi wa kwanza anataka kipindi kabla hajakimbilia treni. China nzima inafuata saa za Beijing, kwa hiyo tofauti ni saa tano tu, mwaka mzima. Kipindi ni dakika 25. Hadi kunakucha ni matamshi, salamu, chai, matamshi tena.

Kuna wanaodhani kazi hii ni kupiga soga mbele ya kamera na kulipwa. Karibuni saa nane mchana, kule jioni, watu wametoka kazini.

Mmoja kaja na wasifu wa kuombea kazi: "I have rich experiences in sales." Nafuta s. Anairudisha. Kamusi ya simu yake, kwenye "experience", imempa maneno mawili ya Kichina, jingyan na jingli, mstari mmoja, utadhani ni pacha. Jingyan ni uzoefu, ujuzi unaojengeka kwa kutenda. Hapo "experience" haihesabiki, haitaki "an" wala s: "three years of experience", "a lot of experience". Jingli ni jambo lililokupata, lenye mwanzo na mwisho: "an unforgettable experience". Ukiweza kulitajia siku na mahali, linahesabika. Halafu kuna neno la tatu, tiyan, yale unayoyahisi ukitumia kitu, kama mteja na programu ya simu.

Kosa lina chanzo. Nomino za Kichina kwa kawaida hazibadiliki kwa wingi. Idadi hubebwa na namba na neno la kuhesabia yanayotangulia: yi (moja) ci (mara) jingli, yaani tukio moja. Sisi wa ngeli tungeelewa upesi, maana hakuna asemaye "mauzoefu". Hiyo "rich" nayo imetoka moja kwa moja kwenye fengfu, Kichina cha "tele"; kwenye wasifu Kiingereza hupenda "extensive".

Kinachochosha zaidi ni kwamba sikio halisaidii. Silabi ya Kimandarini, yaani Kichina sanifu, huishia kwa irabu, n, ng au r, basi s ya mwisho humezwa, na hujui kama mtu kaiacha au imemshinda kutamka. Lazima aandike. Anaandika: "I learned many experiences." Jamani! Experience inakwenda na "gain". "Learn" inadai "from", kisha ile s bado ipo.

Dakika 25 zimekwisha, mfumo unakata wenyewe. Tumemaliza mstari mmoja, na wasifu una kurasa mbili.