Aldabra: kambi iliyobaki kwenye karatasi

Kabla hatujaruhusiwa kukanyaga Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Ushelisheli, mlinzi wa hifadhi alikagua soli za viatu vyetu, mifuko ya suruali, hata zipu za mabegi, akisaka mbegu na wadudu. Mzee mmoja kwenye msafara wetu alinung'unika kuwa hata uhamiaji hawakumpekua hivyo. Mimi nilikuwa nawaza kwamba hapa, miaka ya 1960, palitakiwa kuletwa makatapila ya kujenga kambi ya kijeshi ya Waingereza.

Kutoka Mahé, kisiwa kikuu cha Ushelisheli, ni zaidi ya kilomita 1,100 za maji matupu. Ukifika huendi utakako, unakwenda bahari inapokuruhusu: maji yakipwa, sehemu kubwa ya wangwa hubaki tope na miamba. Tulingoja yajae, ndipo boti ya mpira ikaingia na mkondo hadi kwenye mikoko ya Malabar, kimoja cha visiwa vinavyounda Aldabra.

Harufu ilitupokea kwanza, kali ya samaki na kinyesi. Kisha tukawaona ndege frigeti, wamejaa matawini hadi mikoko imeinama. Madume walikuwa wametunisha vifuko vyekundu vya shingoni, wakitetemesha mabawa kila jike lilipopita juu. Ni wezi wasio na haya: bubi, ndege mwingine wa baharini, akirudi na samaki tumboni, wanamfukuza angani mpaka atapike. Lakini uzazi wao ni wa taratibu mno. Jike hutaga yai moja, na kinda huendelea kulishwa hata baada ya kujua kuruka.

Frigeti mkubwa ana mabawa ya zaidi ya mita mbili, na hupaa saa nzima akibebwa na upepo. Sasa weka hapo njia ya ndege za kivita. Waingereza, waliokitenga kisiwa hiki kutoka Ushelisheli mwaka 1965, walitaka kujenga kiwanja cha ndege za kijeshi upande wa mashariki. Wanasayansi wa Royal Society, chama cha sayansi cha Uingereza, walipinga, na mbunge Tam Dalyell akaisumbua serikali kwa maswali. Walihofia kuwa ndege wangegongana na injini, na jeshi lingeamua kuwaangamiza. Novemba 1967 paundi ilishushwa thamani, fedha za mradi zikakatwa, kambi ikafa. Napenda kuamini hoja ndizo zilizoshinda, ila nadhani mhasibu alisaidia zaidi.

Na kambi haikukosa pa kwenda. Ilijengwa Diego Garcia, katika visiwa vya Chagos, na wenyeji wake, Wachagosi, wote wakahamishwa visiwani mwao kufikia 1973, mbwa wao wakauawa kwa gesi. Aldabra, isiyokuwa na wenyeji wa kudumu, ilipata watetezi London. Wachagosi, waliokuwa na makaburi ya wazazi wao kule Chagos, hawakupata. Sioni namna ya kuufurahia ushindi wa frigeti bila kulitaja hilo.

Tukiondoka tuliipita Assumption, kisiwa kingine cha Ushelisheli, chini ya kilomita 30 kutoka Aldabra. Tambarare, imechubuliwa na wachimbaji wa mbolea ya ndege. Bubi wa Abbott alitambuliwa na sayansi kutokana na ndege aliyepatikana hapa mwaka 1892. Miti ikakatwa, naye akatoweka. Leo anazaliana Kisiwa cha Krismasi peke yake, na bado yumo hatarini.

Assumption nayo iliwahi kutamaniwa na wanajeshi. India na Ushelisheli zilikubaliana mwaka 2015 kujenga kituo cha kijeshi, mkataba ukatiwa saini upya Januari 2018, ukakwama mwaka huohuo kwa upinzani wa ndani. Nilimwuliza mlinzi wetu kama ndege walitajwa sana katika ubishi ule. Akasema walitajwa, na kobe pia, lakini kilichowakera wengi ni kuona jeshi la mwingine kwenye ardhi yao. Kwake sababu hiyo ilitosha. Frigeti, akaongeza akicheka, hawaulizi mradi umekufa kwa ajili gani.