Siku moja na stendi za kamera, Moshi mjini

Saa 12 asubuhi nimeshafagia dukani. Nakodisha vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro: makoti, mifuko ya kulalia, fimbo, na stendi za kamera. Wengi hudhani kazi yangu ni kukaa nikipokea hela za wageni. Kufikia saa 4 nimeshawatoa wapandaji wa njia ya Machame na wa njia ya Marangu.

Saa 5 nasafisha stendi zilizorudi. Vumbi la mlima ni unga mtupu, linajipenyeza kwenye maungio ya miguu. Ukizungusha, unalisikia likikwaruza. Nafungua kiungo kimoja kimoja na kukipiga mswaki mkavu. Nikizembea, usiku kule juu mguu utajiingiza wenyewe na kamera ya mtu italala chini.

Saa 8, hotpoti haijafunguliwa, akaingia mgeni na kiongozi wake wa mlima. Anataka stendi kubwa kuliko zote, ya alumini, kilo 3 na ushee. Kamera yake yenyewe inaenea kiganjani. Nikampa ya kaboni, kilo 1 na robo. Akasema nyepesi hutikisika. Ana hoja: ukivuta nguzo ya katikati hadi juu na kutoa vile vipande vyembamba vya chini, upepo utaichezea. Basi nikaishusha nguzo, vipande vya chini nikaviacha ndani, nikatundika begi lake kwenye ndoano. Nikaisukuma. Imetulia. Akarudi kuishika ile kubwa!

Kiongozi akaninong'oneza, "Dada, mwambie wewe. Mimi ataniona mvivu."

Mpagazi hupimiwa mzigo getini, mwisho kilo 20. Marehemu baba alibeba enzi ambazo hakuna aliyempimia, na bega lake la kulia halikunyooka tena. Hilo sikumwambia. Nilimwambia kwamba usiku wa kileleni wapagazi hubaki kwenye kambi iitwayo Barafu. Kutoka pale, mita 4,600 na zaidi, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, stendi ataibeba mwenyewe.

Akanyamaza, akachukua ya kaboni.

Akauliza na stendi ya kupigia picha wanyama Serengeti. Nikamweleza kwamba ndani ya gari miguu mitatu haina pa kusimama: ashonewe mfuko wa kitambaa, aujaze maharage sokoni, auweke ukingoni mwa paa la gari lililo wazi, kamera ailaze juu yake, na dereva azime injini.

Saa sikuangalia tena. Kibo, kile kilele cha theluji cha Kilimanjaro, kilikuwa kimeshatoka mawinguni. Wali umepoa, nikaula nimesimama, maana mlangoni kijana alikuwa akirudisha fimbo mbili, moja imepinda.