Rangi za maji katikati ya msimu wa korosho

Kazi yangu ni mahesabu. Chama chetu cha msingi cha ushirika kikishaanza kupokea korosho, Oktoba hivi, sina Jumamosi wala Jumapili. Kilo za huyu, makato ya yule, stakabadhi za ghalani, mnada wa wiki, na mkulima kasimama mlangoni anauliza pesa yake itaingia lini. Msimu wa mwaka juzi nilifika mahali nikawa naota tarakimu. Naamka usiku nikiwa najumlisha.

Aliyenitoa huko ni binti yangu, na wala hakukusudia. Alikuwa na kisanduku cha rangi za maji za shule, zile za vidonge 12, ambacho alishakichoka. Jioni moja nimerudi nyumbani, Mikindani, Mtwara, nakikuta kimetupwa kizingitini mwa mlango wa uani. Nimebandika chai jikoni. Nikaketi chini ya mwembe, nikaanza kuchora jani la mpapai kwenye karatasi ya ofisini. Jani lilitoka baya kweli kweli. Lakini chai sikuikumbuka mpaka sufuria iliponuka kuungua, na katika muda wote ule sikuwa nimewaza mnada hata mara moja.

Ndipo nikajipangia: saa kumi na moja jioni mpaka giza likianza kuingia, bustanini, simu inabaki ndani.

Karatasi ndiyo iliyonitesa kwanza. Ile ya ofisini ikipata maji inajikunja, ukirudia brashi mara ya pili inachubuka na kutoa nyuzi. Manila ilivumilia kidogo. Mwishowe kaka yangu aliniletea kutoka Dar karatasi nene ya rangi za maji, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, nikaona tofauti siku hiyo hiyo. Naikata vipande vidogo, kisha nazibandika kingo zote nne kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, juu ya kipande cha silingibodi kilichobaki fundi alipomaliza dari. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua karatasi. Rangi za watoto zitakuvusha.

Halafu jua. Siku za mwanzo nilikaa juani nione vizuri. Karatasi ile nyeupe inang'aa mno, kila rangi unayoweka unaiona hafifu, basi unazidisha. Ukiingia ndani unakuta umechora usiku. Chini ya mwembe nako madoa ya jua yanacheza juu ya kazi. Nimeishia kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, ambako hata kuku wana adabu kidogo, ingawa yuko mmoja aliyekunywa maji ya brashi, na hakudhurika. Upepo wa kusi, ule wa Julai, una kesi yake: rangi inakauka kabla hujaifikisha ukingoni, inaacha mstari. Ukiuona unavuma, lowesha karatasi kwanza ndipo uweke rangi.

Wageni wanaofika Mikindani hupenda kuchora boma la Wajerumani la 1895. Mimi nilitaka mabibo, yale matunda ya mkorosho. Msimu wake ni ule ule unaoniua kazini, na yako pale pale mkononi, mkorosho uko nyuma ya choo. Bibo linaanza na njano nyepesi, maji mengi, rangi kidogo. Kabla haijakauka unagusisha nyekundu upande wa juu, kisha unatoa mkono. Nyekundu inashuka yenyewe ndani ya njano, inaishia inapotaka. Korosho inayoning'inia chini yake nilikuwa naipaka nyeusi ya kisandukuni, inatoka mfu kama kipande cha mkaa. Siku hizi nachanganya buluu na kahawia, napata kijivu chenye uhai.

Kilichonichukua wiki nyingi ni ule weupe. Bibo lina ngozi inayong'aa, na pale linapong'aa hakuna rangi ya kuweka. Ni karatasi yenyewe, uliyoiacha tangu mwanzo. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji, mtu wa Tunduru aliyezaliwa 1932, alitumia rangi za mafuta zinazofunika kabisa ubao. Ukikosea, unapaka juu yake. Kwenye daftari langu la chama nako nikikosea napiga mstari mwekundu, natia saini, naandika tarakimu sahihi pembeni. Rangi ya maji haina mstari mwekundu. Ukifunika weupe, umekwenda. Mtu wa mahesabu kukubali hilo ni shughuli, na nadhani ndiyo maana kichwa kinapumzika: hakuna cha kusahihisha, unaendelea na kingine.

Bibi jirani alipita siku moja kuomba ndimu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku ameshainama juu ya silingibodi yangu.

"Mwanangu, hapa mbona pameachwa? Rangi imekuishia?"

"Hapana, bibi. Hapo ndipo jua linapopiga."

Akalitazama bibo la kwenye sahani, akalitazama la kwenye karatasi. "Basi la kwako limeiva upande mmoja," akasema, akachukua ndimu zake akaondoka. Nilipotazama tena nikaona amesema kweli. Weupe niliuacha mkubwa mno.

Kazi haijapungua. Mnada uko pale pale, na mkulima bado yuko mlangoni. Ila usiku nalala.

Jana nimechora tena. Nikainuka kubadilisha maji. Kurudi, binti yangu ameshalila bibo, mdomo umemlowa, tone limeanguka kwenye gauni la shule, na doa la bibo halitoki. Korosho aliniachia kwenye sahani. Nikaichora hiyo hiyo, peke yake.