Kadi nyeupe za Birere

Jioni hii jirani amewasha babula, jiko lake la makaa, kwa kipande cha mfuko wa plastiki, na harufu yake imenifikia hadi chumbani. Nikazikumbuka kadi zetu za kunasa vumbi na moshi wa hewani.

Tulizitundika ishirini, Birere, mtaa wa Goma, mashariki mwa Kongo, kiangazi kile. Karatasi ngumu nyeupe, sentimita 10 kwa 10, imepakwa vazelini kwa kidole, utando mwembamba tu. Ukizidisha, jua linaiyeyusha na vumbi lote linateremka kama machozi. Tulizifunga kwa uzi kwenye kimo cha pua ya mtu aliyesimama, mpaka wamama walipotuambia za jikoni tuzishushe: nani anapika amesimama? Siku tatu, kisha unahesabu chembe kwa lenzi, mraba wa sentimita moja katikati ya kadi. Mbili ziliparuliwa na kuku, moja ilinyeshewa, na vazelini ya nyingine iliishia miguuni mwa mtoto.

Zilizobaki tulizipanga juu ya shuka. Nyeusi kuliko zote zilikuwa za kando ya njia. Za jikoni zilikuwa na rangi ya chai hafifu. Mwenzetu alikuwa ameshaanza kuandika kwamba tatizo ni barabara.

Mama mmoja akainua kadi ya barabarani. Akachota ule weusi kwa kidole cha shahada, akaufikicha na gumba taratibu, karibu na sikio, kama anayesikiliza. Akaichukua kadi ya jikoni kwake, akafanya vilevile. Kisha akanishika mikono, akanipaka huku ya kwanza, huku ya pili. Ya kwanza ilikwaruza. Ya pili iliteleza, ikaingia kwenye mistari ya ngozi, na sabuni ya jioni ile haikuitoa.

“Hii ni mawe, mutoto yangu,” akasema. “Moshi haikwaruzi.”

Goma imekaa juu ya lava, mawe ya volkano yaliyoyeyuka yakaganda. Ile ya Januari 2002 ilipita mjini hadi ziwani, na magari, pikipiki na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinaisaga kila siku kuwa unga mweusi. Penye udongo mwekundu kadi inakutenganishia yenyewe vumbi na masizi. Kwetu vyote ni vyeusi. Isitoshe, kadi hushika chembe kubwa zinazotua. Zile za chini ya mikromita 2.5, ambazo unywele mmoja unazizidi unene kama mara 30, hazitui upesi. Zinaelea, mtu anazivuta hadi ndani kabisa ya mapafu. Siku tatu nzima tulikuwa tumehesabu mawe.

Shuka tukaligeuza. Wamama wakachora kwa kipande cha makala, yaani makaa, siku moja ya nyumba: mistari kwa saa za moshi, misalaba kwa saa za kichwa kuuma. Mistari ilisongamana wakati wa kuwasha. Misalaba ilikuja baadaye, makala yamekuwa mekundu, moshi umekwisha, babula imeingizwa ndani ili maharagwe yaendelee kuiva na baridi ipungue. Hiyo ni kaboni monoksidi, gesi ya makala, haina rangi wala harufu, na kadi haiishiki. Hata kile kipimo chetu cha leza, ambacho penye ukungu kilihesabu matone ya maji na kupandisha namba bure, kwa makala mekundu kilitulia kana kwamba hewa ni safi. Kinahesabu chembe, gesi hakiijui.

Tukawaambia waache mlango wazi.

“Mlango wazi, usiku, Birere?”

Walicheka, nasi tukacheka kidogo. Mwenzetu akafuta “mlango”, akaandika “dirisha”. Nyumba ya mbao tuliyokuwa tumekaa ndani yake haikuwa na dirisha.

Jirani ameingiza babula yake sasa. Harufu imekwisha.