Siku moja maishani mwangu: daktari wa meno Mtwara na mfereji wa nne

Saa 12:30 asubuhi. Kabla sijatoka nyumbani Shangani, nilishusha kutoka rafuni kichupa cha meno niliyojifunzia chuoni, nikatoa gego moja la juu na kuligeuzageuza kiganjani. Lina mizizi mitatu: miwili upande wa shavu, na mmoja mrefu upande wa kaakaa. Nililitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida, kwa sababu mchana nilikuwa na miadi na mgonjwa ambaye jino kama hilo nililitibu mwenyewe miaka mitatu iliyopita, naye amerudi akisema linamuuma kila anapotafuna.

Saa 2:00. Mama mmoja kutoka Chikongola alimleta mwanawe wa miaka 7, akitaka gego la chini lililotoboka ling'olewe, "maana ni la utoto, daktari, litaota jingine." Nilimwomba tuhesabu pamoja, kuanzia katikati ya taya kwenda nyuma. Meno ya utoto ni 20, yaani matano kila upande wa kila taya, na lile lililotoboka lilikuwa la sita. Gego hilo huota mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, nyuma ya meno ya utoto, bila jino lolote kung'oka kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hawatambui kwamba ni la ukubwani na kwamba likitoka halina la kushika nafasi yake. Isitoshe, mizizi yake ilikuwa haijakamilika, kwa kuwa mzizi huchukua karibu miaka mitatu kumaliza kujengeka tangu jino lichomoze, na anayeujenga ni kiini, yaani ile nyama laini yenye mishipa iliyo hai ndani ya jino. Niliondoa uozo taratibu, nikaacha safu ya dentini, yaani sehemu ngumu iliyo chini ya ganda la jino, inayokifunika kiini, kisha nikaliziba. Walipokuwa wakitoka, nilimsikia mama akimhesabia mwanawe meno upya pale mlangoni.

Saa 4:00. Kazi ya kung'oa, watu wawili. Tabibu anayejifunza kwetu alinipa koleo la kulia kwa gego la juu la kushoto. Nilimwonyesha ncha iliyochongoka, ambayo hukaa upande wa shavu, katikati ya ile mizizi miwili. Upande wa kaakaa mzizi ni mmoja, kwa hiyo taya lile huwa na koleo mbili tofauti, ya kulia na ya kushoto.

Saa 5:30. Aliingia bibi kutoka Newala, amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu," akashusha kanga. Meno yake manne ya mbele yalikuwa yamechongwa ncha kali, kwa desturi ya zamani ya Wamakonde, tangu alipokuwa msichana. Nakiri kwamba meno hayo hunifundisha kila ninapoyaona. Enameli, ganda la nje la jino na kitu kigumu kuliko vyote mwilini, ikishaondolewa haioti tena, na dentini iliyo chini yake ina vijitundu vyembamba vinavyoelekea kwenye kiini. Kiini hujihami kwa kuongeza dentini kutoka ndani, kikirudi nyuma mwaka hadi mwaka. Katika picha ya eksirei, meno matatu yalikuwa yamebakiza uzi mwembamba tu wa kiini. La nne lilikuwa limekufa, na kwenye ncha ya mzizi wake palikuwa na kivuli cha usaha. Anayetoboa jino la namna hiyo akitarajia kukutana na kiini mahali pa kawaida atautoboa mzizi ubavuni. Nilipima kwanza kina kwenye picha, nikafuata mhimili wa jino, na mfereji, yaani njia nyembamba ya kiini ndani ya mzizi, nikaukuta chini ya usawa wa ufizi. Niliusafisha, nikaweka dawa, nikampangia kurudi.

Saa 8:00. Mgonjwa wangu wa miaka mitatu iliyopita, mvuvi wa Msimbati, aliketi kitini. Picha ilionyesha mifereji mitatu niliyoiziba vizuri, na kivuli kwenye ncha ya mzizi wa mbele upande wa shavu. Mzizi huo ni mpana kutoka shavuni kwenda kaakaani, na mara nyingi hubeba mifereji miwili, si mmoja. Wakati ule nilifungua jino kwa umbo la pembetatu, nikaona matundu matatu, nikaridhika.

Safari hii nililitenga jino kwa kitambaa chembamba cha mpira, nikavaa miwani ya kukuzia, nikapanua mlango kuelekea mbele. Sakafu ya chumba cha jino ina rangi ya kijivu, kuta zake ni nyeupe zaidi, na juu ya sakafu hiyo mistari myeusi huunganisha tundu na tundu. Niliufuata mstari unaotoka kwenye tundu la mbele kwenda la kaakaani, nikakwangua mdomo mdogo wa dentini ulioufunika, kisha nikajaribu kwa faili namba 8, kifaa chembamba kama sindano cha kukwangulia mfereji, ambalo ncha yake ina unene wa milimita 0.08. Liliteleza mara mbili. Mara ya tatu lilinasa, likasimama lenyewe. Nilipoosha kwa hipokloraiti, dawa inayotoa povu ikigusa mabaki ya kiini, vipovu vilianza kupanda kutoka kwenye kitundu ambacho dakika kumi kabla sikuweza kukiona.

"Kwa hiyo siku ile mfereji huo ulikuwapo, daktari?" aliniuliza nilipomweleza.

"Ulikuwapo, kaka. Sikuutafuta."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza arudi lini.

Saa 10:15. Nilifungua jalada lake, nikakata maneno niliyoyaandika miaka mitatu iliyopita, "mifereji mitatu", nikaandika minne, pamoja na tarehe ya leo na saini yangu.