Stoo ya Unga

Jana binamu yangu alinitumia kadi kwa simu: kupamba kwa binti yake kutakuwa Ngomeni, hapa Lamu. Shoga yangu mmoja wa bara alipoiona akashtuka. "Ngome ipi? Si ndiyo ile iliyokuwa jela?" Ndiyo, ile ile. Siku hizi uani pake watu hufanyia sherehe, vugo, zile pembe za harusini, zikalia mpaka usiku, na sidhani kuna bibi harusi aliyewahi kuuliza nani alilala nyuma ya ukuta.

Mimi nikamkumbuka Babu. Si yule wa hadithi zangu za Ramadhani, wa redio na kikoi cha rangi ya samli. Namkumbuka Babu wa mwaka 2003, siku mwanangu alipomvuta mkono akamtia ndani ya ngome ambayo hakuikanyaga tangu jela ilipofungwa mwaka 1984. Muda wote huo alikuwa akishinda uwanjani Mkunguni, kwenye baraza, hatua chache tu kutoka langoni, akiipa ngome mgongo. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Kwetu Amu, yaani Lamu, mtu huulizwa habari za afya na bei ya samaki.

Tukaingia nyuma ya kundi la wanafunzi waliokuwa na mtembeza wageni, kijana mwenye sauti ya mnadani. Yake yalikuwa yale yale: ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa kule Shela, Waomani wakasaidia, kisha Waingereza wakaja wakaigeuza jela mwaka 1910. Mawe hayo yalibebwa na mabega ya nani, hakusema. Utumwa pwani hii ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1907, na mashamba yote ya ng'ambo, kule bara, hayakujilima yenyewe. Lakini tukitembezana kwenye ukatili tunapenda uwe wa mgeni, Mreno au Mwingereza, ambaye hana wajukuu wa kukutana nao sokoni.

Tukafika kwenye vyumba vya chini. Kijana akasimama mlangoni pa kimoja, akateremsha sauti. "Humu," akasema, "ndimo walimotiwa wakaidi. Giza. Hakuna dirisha. Wakitolewa ni kwa viboko." Wanafunzi wakachungulia kwa zamu. Wawili waligonga vichwa kwenye boriti ya mlango, wenzao wakacheka.

Babu alipofika zamu yake aliinama. Aliinama mapema, hatua mbili kabla ya boriti, bila kuitazama. Halafu mkono wake wa kulia ukateremka wenyewe ubavuni, usawa wa kiuno, ukaenda kwenye fremu ya mlango kutafuta kitu. Komeo halikuwapo. Pale lilipokuwa pamezibwa kwa kipande cha mbao mpya, nyeupe kuliko nyenziwe, na vidole vyake vikabaki juu ya kile kiraka vikikipapasa ukingo kwa ukingo. Nilikuwa nyuma yake. Nikaiona shingo yake ikitoka jasho, na mle ndani kulikuwa na baridi ya chokaa.

"Si hapa," akamwambia yule kijana. "Hapa palikuwa stoo ya unga. Wewe umeambiwa na nani?"

Kijana, kwa adabu: "Ndivyo tulivyofunzwa, Mzee."

"Basi mmefunzwa vibaya. Unga, maharagwe, na mafuta ya taa pale pembeni. Wakaidi walikuwa juu."

Yaani kati ya yote yaliyosemwa, viboko, giza, njaa, lililomkera Babu ni chumba. Nilitaka kucheka. Lakini mwanangu, aliyekuwa darasa la tatu na mdomo usio na breki, akauliza kwa sauti ambayo kundi zima lilisikia, "Babu, kwani wewe ulikuwa ukiwapiga?"

Yule kijana akaangalia viatu vyake. Babu akatoa mkono mlangoni, akaupangusa kikoini.

"Mimi nilikuwa nikishika kitabu," akasema. "Kulikuwa na mpigaji, kulikuwa na daktari, lazima daktari awepo, sheria. Wanawake hawapigwi. Mtu wa zaidi ya miaka 45 hapigwi. Mimi nilikuwa nikihesabu."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, mwanangu. Ili asizidishiwe."

Mwaka huo huo ndio sheria ya Kenya ilifuta adhabu ya viboko. Habari hiyo aliisikia redioni nami nikiwa nimekaa naye, na alichosema kilikuwa "Alhamdulillahi," kisha akaongeza sauti ya redio ili asikie bei za mafuta. Niliridhika na ile alhamdulillahi kwa muda mrefu. Pale mlangoni sikujua tena aliisema kwa ajili ya nani: ya waliopigwa, ya mpigaji, au ya mwenye kitabu. Ili asizidishiwe. Kuna siku naliona hilo kuwa jambo zuri kabisa ambalo mtu angeweza kulifanya akiwa na kazi ile. Kuna siku siwezi kulisikia.

Yaliyobaki hatukuyaona sana. Tulipanda juu upesi, mwanangu akatazama majahazi, tukateremka.

Nje, Mkunguni, mwenzake wa dhumna alikuwa keshapanga vipande. Huyu mzee alikuwa rafiki yake wa kila jioni, na mjini ilijulikana, bila kutajwa, kwamba enzi za ujana alifungwa humo kwa kesi ya magendo ya boriti za mikoko. Babu akaketi huku bado anafoka.

"Wanawadanganya watoto. Kile chumba cha chini, cha mkono wa kushoto, wanasema cha wakaidi. Mwambie huyu mjukuu wangu. Hakikuwa stoo kile?"

Mzee akapiga kipande chake mezani kwanza.

"Stoo ya nini?"

"Ya unga!"

"Mimi nililala mle," akasema yule mzee. "Unga sikuuona."

"Hukulala mle. Wewe ulikuwa juu."

"Juu nilipelekwa baadaye. Wewe ndiye uliyenipeleka."

Babu akavitazama vipande vyake. Muuza kahawa akapita, akawamiminia wote wawili bila kuulizwa.

"Labda ni baada ya wewe kutoka," Babu akasema, "ndipo ikafanywa stoo."

"Labda," mwenzake akajibu. "Cheza, bwana, zamu yako."