Taa ya Kijani Upande wa Kushoto

Kanuni ya 17, katika kanuni za kuzuia meli kugongana baharini, nilikuwa naijua kwa ghibu kabla sijaiona ikifanya kazi. Ukisomea uafisa wa meli huwezi kuikwepa: meli mbili zenye injini zikikatana njia, moja inapisha, na nyingine inatakiwa kushika mwendo na uelekeo wake uleule. Darasani tulikesha na ile ya 15, inayosema kwamba aliye na mwenzake upande wa kulia ndiye anayepisha, maana ndiyo iliyopenda kuja kwenye mtihani. Kwangu mimi ngumu ni ya 17. Inakutaka utulie wakati mwili wote unakwambia ukimbie.

Nilikuja kuielewa miaka ya 1990, kabla meli hazijalazimishwa kubeba kifaa cha kutangaza jina na mwendo wake kwa walio karibu. Nilikuwa mwanafunzi kwenye meli ya mizigo, zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, chini ya afisa wa pili. Tulikuwa bahari kuu, hali ya hewa nzuri, hakuna ukungu. Tunaelekea nyuzi 050 za dira kwa kasi ya noti 14, yaani maili 14 za baharini kwa saa.

Baharia wa kutazama mbele ndiye aliyeiona meli nyingine kwanza. Taa mbili nyeupe, mbele kushoto, moja juu na moja chini yake, ile ya chini ikiwa upande wa kulia. Meli yenye urefu wa mita 50 au zaidi lazima iwe na taa mbili za mlingoti, na ya nyuma huwa juu kuliko ya mbele. Kwa hiyo taa ya chini ndiyo inayokuonyesha omo, yaani pua ya meli, liliko: meli ile ilikuwa inakwenda kutoka kushoto kwetu kuelekea kulia. Baadaye, kwa darubini, ikaonekana taa ya ubavuni, ya kijani, yaani ya ubavu wake wa kulia.

Afisa akanituma roshani ya kushoto nikapime kwa dira iko upande gani kutoka kwetu. Nyuzi 010, rada ikisema maili tisa. Nikapima tena ikiwa maili saba: 010. Maili sita: 010. Yeyote aliyewahi kukaa zamu anajua namba isiyobadilika ina maana gani. Kanuni ya 7 inasema wazi kwamba upande wa dira unaokiona chombo kinachokukaribia usipobadilika kwa kiasi cha kuonekana, uchukulie kwamba hatari ya kugongana ipo. Cha kutisha ni kwamba kwa macho matupu hakuna kinachotisha. Taa imetulia palepale kwenye kona ya dirisha, haiendi mbele, hairudi nyuma. Inang'aa zaidi tu.

Sisi tulikuwa upande wake wa kulia. Yeye alikuwa anaiona taa yetu nyekundu, ya ubavu wa kushoto, na huyo ndiye aliyepaswa kupisha.

"Tunashika," afisa akasema.

Nikamuuliza kama tumwite kwenye redio. Akanijibu bila kuondoa macho kwenye darubini: "Tutamwita kwa jina gani, kijana? Ukisema 'meli iliyo kushoto kwangu', anaweza kujibu mwingine kabisa, mkaelewana vizuri sana, na huyu akaendelea kuja." Kwenye rada kulikuwa na alama nyingine mbili mbali kidogo. Jibu lile nimelitumia kwa wanafunzi wengi tangu hapo.

Kwenye maili tano akampigia simu nahodha. Akapanda upesi, akasimama kimya gizani macho yake yazoee, kisha akaamuru usukani utolewe kwenye otopailoti na baharia aushike kwa mkono. Hakugeuza meli. Tulikuwa tunakaribiana maili moja kwa chini ya dakika tatu, na mimi naendelea kusoma: 010, 010.

Watu wa nchi kavu hudhani aliye na njia ana haki, kama vile barabarani. Kanuni haziongei hivyo. Meli inayoshika njia imepewa wajibu, kwa sababu yule anayepisha hawezi kupanga hesabu yake kama wewe unabadilika badilika. Ukigeuka mapema kwa woga, unaivuruga hesabu ambayo huenda alishaianza. Ndiyo maana nahodha alisubiri, na nakiri kwamba kusubiri kule ndiko ubaharia wenyewe, kuliko mengi niliyoona yakisifiwa.

Maili tatu. Honi ikalia mara tano, milio mifupi na ya haraka, na afisa akamulika taa ya ishara mara tano kuelekea kwake. Maana yake: sielewi nia yako, au nina shaka kama unafanya vya kutosha. Hakuna jibu. Taa ya kijani palepale.

Tulipofika chini ya maili mbili, nahodha akasema, "Usukani kulia kabisa." Mlio mmoja mfupi wa honi: nageuka kulia. Kanuni ya 17 inamruhusu anayeshika njia achukue hatua mara inapodhihirika kwamba mwenzake hapishi, na inamtahadharisha asigeuke kushoto kwa ajili ya chombo kilicho kushoto kwake. Meli ikazunguka huku ikilalia kushoto, penseli zikabingirika kutoka mezani pa ramani. Tukanyoosha kwenye nyuzi 150, yeye akiwa nyuma yetu kushoto.

Hapo ndipo kule kwenye meli ile mtu akaamka. Kando ya ile ya kijani ikatokea nyekundu. Zote mbili kwa pamoja, maana yake omo lake linatutazama sisi moja kwa moja. Baharia wa usukani akavuta pumzi kwa sauti. Kisha kijani kikazimika, ikabaki nyekundu peke yake. Naye alikuwa anageuka kulia. Akapita nyuma yetu, kiasi cha maili moja.

Nahodha hakurudi kulala. Alinivuta mezani, akaniambia nichore tukio lote, halafu nilichore upya kama tungegeuka kushoto hadi nyuzi 350 ili tupite nyuma yake, na yeye akageuka kulia hadi 210 kama alivyofanya. Nilipounganisha mistari, mwendo wake ukipimwa kutoka kwetu ulipita katikati kabisa ya duara la karatasi ya kuchorea, pale tulipo sisi: tungegongana. Akanisimulia habari ya meli za abiria Andrea Doria na Stockholm, usiku wa tarehe 25 Julai 1956 karibu na kisiwa cha Nantucket, Marekani: zote zilionana kwenye rada, moja ikageuka kulia, nyingine kushoto, wakafa watu 51. Kanuni tunazotumia sasa ziliandikwa 1972 na kuanza kufanya kazi Julai 1977, na tahadhari ya kutogeuka kushoto imo humo kwa meli iliyo katika hali kama yetu ya usiku ule.

Sikuwahi kujua kilichotokea kwenye chumba chao cha usukani. Pengine afisa alikuwa peke yake, kainamia makaratasi. Pengine alisinzia. Bado inaniudhi, kwa sababu kanuni ya 5, ya kutazama na kusikiliza muda wote, haihitaji ujuzi wowote zaidi ya mtu kuwepo na kuwa macho. Afisa wa pili aliandika kwenye daftari la zamu: saa, umbali, milio mitano, usukani kulia, pamoja na kurudi kwetu kwenye nyuzi 050. Nahodha akatia sahihi. Mahali pa jina la meli ile pakaandikwa "haikufahamika".